Kitoweo na Mgeni: Historia Fupi ya Mlo wa Samaki katika Migahawa Midogo ya Mwambao

1. Suala lenyewe

Katika Kiswahili cha mwambao wa Afrika Mashariki, samaki aliyepikwa huitwa kitoweo. Neno hili si sawa na neno chakula. Kutowea ni kula tonge pamoja na kitu cha kuliteremsha. Kwa hiyo wali, ugali au muhogo ndio chakula, na samaki ni mwenzi wake. Nyumba iliyokosa kitoweo haikukosa kula, bali ilikula kwa shida.

Mtu aingiapo leo katika mgahawa mdogo wa ufukoni, uwe wa Unguja, Lamu au Kilwa, hukuta mpango huo umepinduka. Mgeni huonyeshwa samaki kwanza: changu, kolekole, nguru au pweza aliyetolewa majini asubuhi ile. Humchagua, hukubaliana bei kwa ukubwa wake, kisha huulizwa kama atamla kwa wali wa nazi, kwa chapati au kwa chipsi. Kitoweo kimekuwa chakula, na chakula kimekuwa kitoweo. Makala haya yanafuatilia historia ya mapinduzi hayo, na kuuliza ni nani aliyepata na ni nani aliyepungukiwa.

2. Samaki wa nyumbani na sahani ya mgeni

Uvuvi wa mwambao ni wa kale kuliko miji yake ya mawe. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya 1, kinasimulia juu ya kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wengi hukilinganisha na Unguja au Pemba. Humo watu walitumia mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, wakatega vikapu vya kusukwa katika mikondo ya maji. Msomaji anayejua dema na uzio hatapata shida kuitambua kazi hiyo.

Wanaakiolojia waliochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, wakiongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, walikusanya mifupa mingi ya samaki. Walio wengi ni samaki wa mwambani na wa majani ya bahari, wanaopatikana karibu na pwani. Mifupa ya samaki wa maji makuu huongezeka baadaye tu, katika baadhi ya miji, baada ya mwaka 1000 hivi. Kadhalika, huko Chwaka katika kisiwa cha Pemba, mabaki ya mimea yanaonyesha kwamba kuanzia karne ya 11 mpunga ulichukua nafasi ya mawele. Hivyo sinia ya wali na samaki, ambayo leo huonekana kana kwamba ilikuwapo tangu kuumbwa kwa bahari, nayo ina tarehe yake. Nyanya na pilipili kali ni wageni wa karibu zaidi: ni mimea ya Amerika, iliyoletwa baada ya Wareno kuingia katika Bahari ya Hindi mwaka 1498.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu mlo wa mgeni ni ule wa Ibn Battuta, aliyepita mwambao huu mwaka 1331. Anaeleza kwamba jahazi lilipofika Mogadishu, vijana walilipokea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alikaa nyumbani kwa mwenyeji huyo, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa katika nyumba ya wanafunzi wa dini. Huko aliletewa wali uliopikwa kwa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Alipofika Mombasa aliona kwamba ndizi na samaki ndivyo vilivyokuwa chakula kikuu cha watu.

Habari hizi zinafaa kupimwa kwa makini. Mara nyingi husemwa kwamba zamani mgeni alilishwa bure, na kwamba biashara ya chakula ndiyo iliyoharibu ukarimu. Ushahidi wa Mogadishu hauungi mkono dai hilo. Sahani ile ilikuwa ukarimu, na papo hapo ilikuwa mkataba. Mwenyeji hakuuza samaki wake, lakini alitarajia faida kwa mgeni. Tofauti ya mfumo ule na huu wa sasa haiko katika kuwapo au kutokuwapo kwa faida. Iko katika njia ambayo faida ilipitia. Zamani ilipitia nyumbani, kwa hiyo mwenye nyumba na mgeni walikula kitoweo kilekile.

3. Kutoka kahawa hadi hoteli

Mahali pa kulia kwa fedha palikuja baadaye, na majina yake yanaeleza asili yake. Mkahawa, au mgahawa, umetokana na kahawa. Kwanza palikuwa mahali pa wanaume kunywa kahawa, kupiga soga na kusikiliza habari za bandarini. Vitafunio vilifuata, kisha vyakula kamili. Neno hoteli nalo lilibadilika maana lilipofika Tanzania na Kenya, hata likawa jina la kibanda cha chakula kisicho na kitanda hata kimoja.

Miji ya bandari ilipokua, iliwakusanya mabaharia, makuli, wachukuzi na makarani walioishi mbali na jiko la nyumbani. Hao ndio waliokuwa wateja wa kwanza wa chakula cha kupikwa barabarani. Wapishi wengi walikuwa wanawake. Huko Tanzania wamepewa jina la mama ntilie. Katika pwani ya Kenya, wanawake wanaonunua samaki wadogo ufukoni, wakawakaanga na kuwauza, huitwa mama karanga. Historia ya mgahawa wa samaki haiwezi kuandikwa bila hao, ijapokuwa majina yao hayamo katika nyaraka za serikali.

Mfano unaojulikana sana ni Forodhani, mjini Zanzibar. Jina lenyewe linakumbusha forodha, yaani mahali pa kutozea ushuru. Mbele ya Ngome Kongwe ilitengenezwa bustani kwa ajili ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub mwaka 1936. Baadaye bustani hiyo ikawa jiko la jioni: pweza, ngisi, mishkaki ya samaki na urojo viliuzwa kwa mwanga wa taa, na wenyeji waliketi pamoja na wageni. Ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009.

4. Bei ya upya

Mgahawa mdogo wa ufukoni hutegemea mambo ambayo mgeni hayaoni. La kwanza ni upepo. Wakati wa kusi, ngalawa na mitumbwi hushindwa mara nyingi kutoka nje ya mwamba, na samaki huadimika. La pili ni maji. Wakati wa bamvua, bahari hukupwa sana, na wanawake huingia mwambani na vijiti kutafuta pweza. La tatu ni barafu. Bila barafu mgahawa huuza kilichovuliwa leo tu, na kwa sababu hiyo hauna orodha ya kudumu ya vyakula. Upya unaosifiwa na mgeni ulitokana na ukosefu wa namna ya kuhifadhi.

Zanzibar ilipofungua milango yake kwa utalii katika miaka ya 1980, na hoteli kubwa zilipoongezeka katika miongo iliyofuata, mahitaji ya pweza, kamba na samaki wakubwa yalipanda. Matokeo yake yana pande mbili. Mvuvi aliyepata bei nzuri alisomesha watoto na kununua mashine ya chombo. Lakini pweza, aliyekuwa kitoweo cha mwanamke asiye na chombo, aligeuka bidhaa ya thamani; wanaume wakaingia kumtafuta kwa kupiga mbizi katika maji ambayo wanawake hawakuyafikia. Samaki mkubwa alianza kupita mbele ya nyumba ya mvuvi akielekea hotelini, na nyumbani zikabaki dagaa na vibua.

Methali ya Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga walimaanisha kwamba kuja kwa mgeni huleta chakula ambacho hata mwenyeji hufaidi. Katika mfumo wa sahani iliyofunikwa, maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Katika mfumo wa sasa yamekuwa swali. Baadhi ya vijiji vya Pemba na Mafia vimejaribu kulijibu kwa kufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha kuzifungua kwa siku iliyokubaliwa na wote. Hapo kijiji hujipa tena haki ya kusema nani avue, na lini.

5. Kongo katika meza hiyo

Ingekuwa makosa kudhani kwamba mambo haya ni ya watu wa pwani peke yao. Misafara ya akina Tippu Tip katika karne ya 19, pamoja na maafa yote iliyoyaleta, ndiyo iliyoufikisha Maniema mpunga na lugha hii. Leo uhusiano huo unaendelea kwa njia nyingine. Dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa katika bahari ya Zanzibar, wakachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani, kwa kiasi kikubwa na wanawake, husafirishwa hadi masoko ya Kongo. Wanunuzi Wakongomani hufika visiwani wenyewe kuwafuata.

Kwa hiyo meza ya mwambao ni ndefu kuliko ionekanavyo. Kwenye ncha moja ameketi mtalii na changu wake wa kupaka. Kwenye ncha nyingine ni familia ya Kongo yenye bakuli la dagaa na ugali. Baina yao yumo mvuvi, ambaye bahari ileile huwalisha wote watatu. Mtalii amemfanya samaki kuwa mlo mzima. Familia ile, iliyo mbali na bahari, bado inamla kama kitoweo. Iwapo dagaa nao watapanda bei kama alivyopanda pweza, nyumba ya mvuvi itahisi kwanza, na nyumba ya Kongo itafuata.