Jongoo wa Bamburi na mchanga wa Macalder

Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilifunga mgodi wake wa Kwale, ilikochimba mchanga wa madini tangu 2013, na mjadala ukawa ardhi ile itarudishwaje. Hapa Manyatta, majirani wenye asili ya Nyatike walitaja kwao: Macalder, mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa 1966 ukaacha mchanga uliosagwa.

Mfano tunao nchini. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza kazi 1954, na machimbo yake ya matumbawe yakabaki uwanja mweupe usio na udongo, maji ya chumvi yakiwa karibu tu chini. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda. Kwa masimulizi yake, ambayo ndiyo ninayoyafuata, alijaribu miti aina 26. Ikapona mitatu tu: mnazi, damas wa Kisomali na mvinje.

Mvinje Wapwani wanaujua kwa boriti. Mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni hewani, kwa hiyo ulijilisha wenyewe. Shida ilikuwa majani. Membamba kama sindano, yenye tanini nyingi, yalianguka yakarundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hakuna mboji. Ndipo Haller alipomwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna. Jongoo yuleyule ambaye watoto humgusa kwa kijiti ajikunje! Wakaletwa kwa mamia, wakaachiwa chini ya mivinje. Walichotafuna kilitoka kikiwa kimesagika, bakteria wakakimaliza, na udongo wa kwanza ukaonekana juu ya jiwe. Miti mingine ikafuata, ndege na wanyama pia. Leo ni Haller Park.

Macalder haitaponywa kwa kuiga mvinje. Mawe yake yana salfaidi, ambayo ikisagwa na kunyeshewa hutoa tindikali, na mvua husukuma mabaki kuelekea Mto Kuja na Ziwa Victoria. Cha kuiga ni subira ile ya kujaribu aina 26 ili kupata tatu. Inaniuma kwamba mchanga ule umewavutia zaidi wanaosaka dhahabu iliyosalia, kwa zebaki na sianidi, kuliko wanaobeba miche. Migunga huota yenyewe vichakani Nyatike. Mbegu zake huokotwa bure, na kitalu cha kwanza cha majaribio kinaweza kuanza mvua za masika zijazo.