Herufi Nne Kutoka Michigan

Sidiria ilitangulia, na herufi za saizi zikaifuata baada ya miaka kumi na minane. Novemba 1914 Mary Phelps Jacob, binti wa familia ya kitajiri ya New York, alipewa hataza ya Marekani kwa vazi ambalo asili yake ilikuwa leso mbili za hariri zilizounganishwa kwa utepe, baada ya kuchoshwa na koseti iliyochomoza chini ya gauni lake la jioni. Vazi hilo halikuwa na vikombe. Lilikazwa kwa kamba, na mwenyewe alieleza katika hataza kwamba saizi moja ingewafaa wateja wa maumbo mbalimbali. Aliishia kuiuza hataza hiyo kwa kampuni ya koseti ya Warner, mjini Bridgeport, kwa dola 1,500.

Miaka ya 1920 mtindo uliopendwa ulikuwa kifua bapa, na sidiria nyingi zilikuwa kanda za kukibana tu. Waliokwenda kinyume walikuwa na duka la magauni Manhattan: Enid Bissett na Ida Rosenthal, mhamiaji kutoka himaya ya Urusi. Waliona magauni yao hayawakai wateja vizuri, wakaanza kuyashonea ndani kitambaa chenye vikombe viwili. William, mume wa Ida, akauboresha ushonaji huo, na kampuni ya Maiden Form ikazaliwa. Hata hivyo, sidiria bado zilitambulishwa zaidi kwa mzunguko wa kifua. Wanawake wawili wenye mzunguko uleule, mmoja mwenye mbavu pana na matiti madogo, mwingine mwembamba mwenye matiti makubwa, wangeweza kupewa sidiria ileile.

Suluhisho lilitoka kwa S. H. Camp, kampuni ya Jackson, Michigan, iliyojulikana kwa mikanda ya kutegemeza miili ya wagonjwa. Mwaka 1932 iliyapanga matiti katika makundi manne, A hadi D, na mwanzoni mwa 1933 matangazo yake yalichapisha picha za vifua vikionekana kutoka ubavuni, kila kimoja na herufi yake. Herufi hizo zilieleza ukubwa pamoja na jinsi titi lilivyoning'inia. Zilikuwa maelezo ya umbo, zikisomwa kwa jicho la muuzaji. Warner ilizichukua mwaka 1937, na zilipozoeleka madukani zikageuzwa hesabu ya inchi: tofauti ya inchi moja kati ya mkanda na sehemu iliyojaa zaidi ni A, mbili ni B, tatu C, nne D.

Lakini mkanda wenyewe ulipimwaje? Vitambaa vingi vya enzi zile havikuvutika vizuri, kwa hiyo ikaingia desturi ya kuupima mzunguko wa chini ya matiti kisha kuongeza inchi nne au tano, mwenye kuvaa apate nafasi ya kuhema. Nyuzi za kuvutika zilizobuniwa katika maabara za DuPont mwishoni mwa miaka ya 1950 ziliondoa haja hiyo. Desturi ikabaki, na hapo ndipo mvurugano wa leo ulipopata mizizi.

Tuseme yupo mwanamke mwenye sentimita 75 chini ya matiti na 92 mahali palipojaa. Kwa inchi ni takriban 29.5 na 36. Muuzaji wa Marekani anayefuata desturi ya zamani anaongeza, anapata 34, anaona zimebaki inchi mbili: 34B. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 13402 hakiongezi chochote. Mkanda ni 75, na tofauti ya sentimita 17 inaangukia C: 75C. Wafaransa nao huongeza 15 kwenye namba ya mkanda, kwa hiyo lebo yao inasema 90C. Akiingia duka la Uingereza lililoacha kuongeza, mkanda ni 30, tofauti inafika inchi sita, na kwa kuwa Waingereza huweka DD kati ya D na E, anatoka na 30E. Mwili haujabadilika hata kidogo. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa kwa sababu inaonekana kama mzaha, lakini ndivyo ilivyo.

Mbele ya D mambo yanazidi kutengana. Mmarekani husema DD, kisha DDD. Mwingereza hupita DD, E, F, FF. Kiwango cha Ulaya husonga mbele bila kurudia herufi, kwa hatua za sentimita mbili, ilhali inchi moja ni 2.54, kwa hiyo baada ya hatua tano pengo limekaribia sentimita tatu. Australia huandika mkanda kwa namba za magauni, na 34 huko huitwa 12.

Sidiria za mifumo hii yote hukutana kwenye belo la mitumba. Tanzania ilishapiga marufuku nguo za ndani zilizotumika, lakini anayezitafuta sokoni huzipata, na chungu moja huwa na 75C, 90B na 36B zikiwa bega kwa bega. Mnunuzi mzoefu huangalia kwanza mkanda. Anauvuta, anauzungusha chini ya matiti juu ya nguo aliyovaa, kisha anaingiza ngumi kwenye kikombe. Ana haki ya kutoiamini herufi peke yake, maana kikombe hukua pamoja na mkanda: kile cha 34C kina ujazo uleule wa 36B na wa 32D. Muuzaji anayenadi "C hizi, C hizi!" ametaja nusu tu ya saizi.