Unenepeshaji wa Mifugo kwa Dawa: Historia ya Udhibiti na Funzo la Kampala

Historia ya kunenepesha mifugo kwa dawa huibua maswali mawili: dawa gani hutumika, na nani huisimamia. Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa Kampala, swali la pili ndilo lenye uzito zaidi.

Mwaka 1954 Marekani iliidhinisha homoni ya DES katika chakula cha ng'ombe wa nyama. Baadaye vidonge vya homoni vilipachikwa chini ya ngozi ya sikio, kwa kuwa sikio hutupwa wakati wa kuchinja na mabaki ya kidonge hayamfikii mlaji. DES ilipohusishwa na saratani kwa mabinti wa wanawake walioitumia wakiwa wajawazito, shaka iliongezeka, na mwaka 1979 ikapigwa marufuku kwa mifugo. Homoni nyingine ziliendelea kuruhusiwa nchini humo, ilhali Jumuiya ya Ulaya ilizuia uingizaji wa nyama yenye homoni kuanzia mwaka 1989. Pande hizo mbili zilitofautiana kuhusu hukumu, lakini kila upande ulikuwa na mamlaka iliyotoa hukumu hiyo hadharani.

Nchini Uganda, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI (ARV) zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyotokana na sheria ya mwaka 1993, husimamia dawa za binadamu na za mifugo. Septemba 2023 afisa wake aliwaeleza wabunge kwamba tangu mwaka 2014 mamlaka ilijua kuwa ARV hulishwa nguruwe na kuku, lakini haikutangaza kwa kuhofia taharuki na madhara kwa biashara ya chakula nje ya nchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere nao walibaini mabaki ya dawa hizo katika nyama iliyouzwa Kampala na Lira.

Chanzo si ujinga wa mfugaji pekee. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, nayo huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kwa mwenye nguruwe watano, huo ni ufukara. Hata hivyo, dawa iliyotoka kliniki kwenda bandani huweza kumkosesha mgonjwa dozi yake, na mabaki yake huweza kuchangia usugu wa virusi.

Hivyo basi, marufuku pekee haitoshi. Kidonge cha sikioni kina kipimo, mahali pake na mtu wa kuwajibika. Kilichochanganywa kwa siri katika chakula cha nguruwe hakina hata kimoja.