Maji ya Moto Chini ya Heerlen

Kwetu Tanga ukitaja makaa, mtu huwaza gunia na jiko. Ndiyo maana nilipofika Heerlen, kusini mwa Uholanzi, sikumwelewa mzee niliyekuwa nikimhudumia aliponiambia kwamba makaa yalimlisha na makaa yaleyale yakamla mapafu. Alikuwa koempel, jina waliloitana wachimbaji wa mkoa huu wa Limburg. Usiku alikuwa akikohoa mpaka ninamwinua kitandani.

Aliniambia habari ya tarehe 17 Desemba 1965. Siku hiyo Joop den Uyl, waziri wa uchumi, alisimama katika ukumbi wa maigizo wa mji huu akatangaza kuwa migodi itafungwa. Mwaka 1959 gesi ilikuwa imegunduliwa Slochteren, kaskazini mwa nchi, na makaa ya mawe ya Limburg hayakuweza tena kushindana nayo, wala na mafuta. Wachimbaji waliahidiwa kazi nyingine. Zipo zilizokuja, kama kiwanda cha magari huko Born, lakini mtu wa shimoni hageuki karani kwa mwezi mmoja. Mgodi wa mwisho, Oranje Nassau I, ulifungwa tarehe 31 Desemba 1974, Den Uyl akiwa waziri mkuu.

Majirani walifuata: Ubelgiji mwaka 1992, Ufaransa 2004, na Ujerumani ikafunga mgodi wake wa mwisho wa makaa magumu, ule wa Bottrop, mwaka 2018.

Kinachoniuma ni jinsi Limburg ilivyofutwa. Minara ya migodi ilivunjwa, vilima vya mabaki vikapandwa miti. Mwaka 1976 waliliangusha Lange Jan, bomba la moshi lililoonekana toka mbali. Mzee alikwenda kutazama, akarudi bila kusema neno. Mtu anayefutiwa mahali alipovujia jasho atamwonyesha nini mjukuu wake?

Na gesi je? Uchimbaji wake ulileta matetemeko ya ardhi Groningen, mkoa ilipo Slochteren, nyumba zikapasuka kuta, na mwaka 2023 uzalishaji ukasitishwa.

Huku mashimo ya Heerlen yalijaa maji, na ardhi ikayapasha moto. Tangu 2008 maji hayo, ya nyuzi 28 hivi kutoka kina cha mita 700, yamekuwa yakipasha joto majengo ya mji. Nilimpeleka mzee mtaa wa Heerlerheide kwenye jengo mojawapo. Aliinama, akaweka kiganja sakafuni, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaniuliza maji yanatoka shimo la mgodi gani.