Mwalimu Aliyewapa Nondo Majina

Usiku taa iwakapo, nondo wadogo huja kuizunguka, nasi huwafukuza bila ya kuwatazama. Edward Meyrick, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1854, aliwatazama maisha yake yote. Alikuwa mwalimu wa shule, kwanza Australia na New Zealand, kisha Marlborough, Uingereza, alikofundisha tangu 1887 hata 1914.

Mchana alisomesha, saa zake nyingine alizitumia kuwapambanua nondo ambao wengi wao hawazidi ukucha kwa ukubwa. Wadudu waliokaushwa walimfikia kutoka Bara Hindi, Afrika Kusini na Amerika Kusini. Kwa lenzi ya mkononi alichunguza mishipa ya mbawa, rangi na madoa, kisha akaandika maelezo mafupi na kumpa kila mmoja jina. Hata alipofariki mwaka 1938, alikuwa ameeleza maelfu ya aina.

Lakini alikuwa na kasoro. Wataalamu wenzake walipoanza kuchunguza viungo vya uzazi vya nondo kwa hadubini, yeye hakutaka kuifuata njia hiyo, ijapokuwa nondo wawili waweza kufanana mbawa na kumbe si wa aina moja. Ikabidi Mmarekani, J. F. Gates Clarke, aichunguze upya sehemu kubwa ya kazi yake, na matokeo yakachapishwa London katika vitabu 8, tangu 1955 hata 1970.

Pengine msomaji atauliza: haya yatufaa nini? Mwaka 1917 Meyrick alieleza nondo mmoja wa kijivu, dume, aliyepatikana Huancayo, Peru, akampa jina la absoluta. Viwavi wa aina hiyo hutoboa majani na matunda ya nyanya. Mwaka 2014 nondo huyo alikuwa amekwisha ingia Kenya, na mashamba mengi yakaharibika. Wakulima wa Tanzania walimwita kanitangaze. Hata hivyo wataalamu hawakuanzia gizani. Alipokwisha kutambuliwa kwa jina lake, waliweza kusoma yaliyoandikwa Amerika Kusini juu ya mwenendo wake, na kutega mitego yenye harufu mfano wa ile ya jike, ivutayo madume wa aina hiyo.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Basi tusimdharau mdudu kwa udogo wake. Wala tusikatae, hata tukiwa mabingwa, kutazama mara ya pili.