MICHEZO YA WATOTO WETU, SEHEMU YA 4: Taifa, wamisionari na "Baba Yetu" kwenye kompyuta

Kwenye sehemu zilizopita tuliongelea macho, usingizi na saa za kukaa kwenye skrini. Leo naongelea kinachobaki kichwani mwa mtoto baada ya skrini kuzimwa. Kuna historia humu ndani, kwa hiyo injika chai kabisa. Ni ndefu.

Jumamosi moja nimetoka naiti, miguu imevimba, nafungua mlango nasikia kwaya inaimba "Baba Yetu" kwa Kiswahili. Nikasema moyoni, Mungu mwema, mwanangu anasikiliza kwaya asubuhi yote hii! Kuingia sebuleni, kijana wangu wa darasa la sita yuko mbele ya kompyuta ya zamani aliyoachiwa na mjomba wake. Anacheza gemu. Hata salamu hakutoa. "Mama subiri, namalizia kutuma wamisionari."

Nikacheka, nikaenda kulala. Jioni tunachambua mchicha, akaniuliza: "Mama, hivi baba mdogo tumtumie wamisionari wangapi ndo abadilike?"

Hapo sikucheka. Baba mdogo anayemsema ni mume wa mdogo wangu. Ni Mwislamu. Ndiye aliyembeba mgongoni usiku kumpeleka hospitali alipopandisha homa ya malaria, mimi nikiwa zamu nahudumia watoto wa wenzangu. Nikamuuliza, kwani baba mdogo ana tatizo gani? Akanijibu kawaida tu, bila ubaya wowote: "Kwenye gemu wa dini nyingine huwa hawakupendi. Mpaka uwabadilishe."

Nikaona hili jambo nilifuatilie. Nikayasoma yale maelezo, nikakaa naye pembeni akicheza, nikauliza maswali mpaka akanichoka. Haya ndiyo niliyoyapata.

Gemu lenyewe linaitwa Civilization, maana yake ustaarabu. La kwanza lilitoka Marekani mwaka 1991, likitengenezwa na Sid Meier na wenzake kwenye kampuni ya MicroProse. Unaanza na kikundi kidogo cha watu mwaka 4000 kabla ya Kristo. Unajenga mji, unalima, unagundua maandishi, unachimba chuma, unaunda jeshi, unaongea na majirani au unapigana nao. Ni mchezo wa kufikiri, unakwenda kwa zamu kama drafti au bao. Ukiwa makini unaweza kufika hadi kurusha chombo kwenda anga za mbali.

Kwenye toleo lile la kwanza dini ilikuwa majengo tu. Wananchi wako wakianza kunung'unika, unawajengea hekalu, wanatulia. Wakinung'unika zaidi, kanisa kuu. Mimi kama nesi nililiona hilo mara moja: ni dawa ya kutuliza. Mgonjwa amenyamaza, lakini hujamuuliza anaumwa wapi.

Mwaka 2005 likatoka toleo la nne, ndilo hili analocheza mwanangu. Aliyeongoza usanifu wake anaitwa Soren Johnson. Safari hii dini zikaingia kwa majina yake: Ubudha, Uhindu, Uyahudi, Ukristo, Uislamu, Utao na Ukonfusio. Saba. Taifa linalowahi kugundua elimu fulani ndilo linaloanzisha dini fulani. Wa kwanza kugundua tafakuri anaanzisha Ubudha, wa kwanza kufika kwenye teolojia anaanzisha Ukristo. Watengenezaji walifanya jambo moja la heshima: dini zote saba wakazipa nguvu sawasawa, isionekane kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Hapo nawapongeza.

Sasa angalia dini inafanya kazi gani. Ukiwa na mji mtakatifu, ukapata nabii mkuu, unajenga mahali pa hija. Kuanzia hapo, kila mji duniani wenye dini yako unakuletea dhahabu. Na ile miji unaweza kuichungulia ndani. Mfalme wa dini yako anakupenda, wa dini nyingine anakununia. Basi unatengeneza wamisionari, unawatuma. Mmisionari akishaingiza dini mjini, anapotea kwenye skrini. Kazi yake imeisha.

Toleo la sita la mwaka 2016 lilienda mbali zaidi. Humo unaweza kushinda mchezo mzima kwa dini peke yake, ukifanikiwa kuifanya yako iwe kubwa kuliko nyingine zote katika kila taifa. Mitume wakikutana na mitume wa upande wa pili wanabishana imani, na kwenye skrini ubishi wenyewe unaonekana kama radi zinapigana.

Kwa hiyo mwanangu hakubuni lile swali lake. Alikuwa amefundishwa, na alikuwa amelielewa somo vizuri.

Tuje kwenye wimbo, maana najua wengi mnasubiri hapo. Ule wimbo ni wa toleo hili la nne. Aliyeutunga ni Mmarekani, Christopher Tin, aliyefahamiana na Soren Johnson tangu enzi zao za chuo cha Stanford. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili chetu. Kwenye gemu waliimba wanafunzi wa Stanford wa kikundi cha Talisman. Mwaka 2009 Tin akaurekodi upya na kwaya ya Soweto Gospel Choir kwenye albamu yenye nyimbo 12 kwa lugha 12. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, na ndiyo muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Wapendwa, wa kwanza duniani, na umeimbwa kwa Kiswahili! Siku hizi makwaya ya Ulaya na Marekani yanauimba jukwaani, waimbaji wakihangaika na matamshi yetu.

Nilifurahi, sitawaficha. Ila nilijiuliza pia. Sala ile inamwomba Mungu msamaha na mkate wa leo tu. Ukimaliza kuisikiliza unabonyeza kitufe, unaingia kwenye mchezo ambao mkate wa leo hautoshi kamwe, na kusamehe hakukuongezei kitu.

Kwani mchezo wa kukuza roho hauwezekani? Unawezekana, na ulishakuwepo. Wengi tumeucheza bila kujua. Unakumbuka kile kibao cha ludo, ukikigeuza nyuma kuna nyoka na ngazi? Mchezo ule asili yake ni India. Kule uliitwa gyan chaupar, na hilo neno gyan maana yake ni maarifa. Kila ngazi ilikuwa na jina la tendo jema, kila nyoka jina la tabia mbaya kama kiburi au hasira. Juu kabisa palikuwa mahali pa roho kupumzika, kuunganika na Mungu. Wahindu walikuwa na vibao vyao, Wajaini vyao, na Waislamu wa njia ya Kisufi nao vyao. Kete uliyoisogeza ilikuwa wewe mwenyewe. Hapakuwa na jirani wa kubadilishwa. Nyoka aliyekumeza alikuwa na jina la tabia yako.

Mwishoni mwa karne ya 19 mchezo ukafika Uingereza, wakauwekea maadili yao ya bidii na kuweka akiba. Baadaye yale majina yakafutwa, yakabaki namba 1 hadi 100. Marekani mwaka 1943 waliwaondoa hata nyoka, wakaweka bembea za kuteleza. Ndivyo ulivyotufikia sisi, umeshatolewa roho, umebaki mbio.

Ukiiweka michezo hii miwili pamoja unaona tofauti. Ule wa zamani ulikuuliza: wewe unakuwa mtu wa namna gani? Huu mpya unakuuliza: umewapata wangapi?

Lakini nisiwe mtu wa kulaumu gemu peke yake, maana historia yetu wenyewe ina yote mawili. Chukua Kilwa. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika pale. Kilwa lilikuwa taifa hasa: mji tajiri kwa dhahabu iliyopitia Sofala, na msikiti mkuu ambao magofu yake yapo mpaka leo. Sultani wake alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, na watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Ibn Battuta ameandika kwamba siku moja sultani anatoka kuswali, maskini mmoja akamwomba zile nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa zile.

Ila Ibn Battuta huyo huyo ameandika kwamba sultani alikuwa akienda kuvamia nchi za jirani zake na kuchukua ngawira. Mtu mmoja, imani moja, mambo yote mawili. Ukimweka sultani huyu kwenye gemu, uvamizi utahesabiwa na dhahabu itahesabiwa. Zile nguo hazina mahali pa kuhesabiwa.

Twende Unguja. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, palepale sokoni. Au Bagamoyo, ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868 na kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Ukienda leo utakuta makaburi yao, na wengi walikufa wakiwa bado vijana. Mmisionari wa kweli hapotei kwenye skrini. Anaumwa, anazikwa, na kule alikotoka kuna mama yake anayesubiri barua. Na huyo aliyekuja kuhubiriwa naye ni mtu, ana mama yake, ana sababu zake za kukubali au kukataa.

Jumapili jioni nilikaa na kijana wangu, nikamweleza habari ya Kilwa. Halafu nikamsimulia ya wodini. Usiku mmoja alikuja mama kujifungua, hana kitu, hata khanga ya kumfunika mtoto hakuwa nayo. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mwenye rozari mkononi. Akafungua mfuko wake, akatoa khanga mpya aliyomnunulia mtoto wake mwenyewe, akampa mwenzake aliyejifunika ushungi. Mimi nilikuwepo, ndiye niliyemfunga mtoto na ile khanga. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali wapi.

Nikamuuliza: kwenye gemu lako, huyu mama angepata pointi ngapi? Akafikiri. "Sifuri," akasema. Kisha akaongeza, "Tena angepoteza khanga."

Nikamwambia, sasa mwambie baba mdogo ulichotaka kumtumia. Akaona aibu, akachukua simu yangu, akampigia. Hawakuongea dini. Waliongea mpira nusu saa nzima na salio langu likaisha.

Mama zangu, sikumnyang'anya gemu. Kwa kweli linamfundisha mengi. Anajua mto una faida gani kwa mji na kwa nini maandishi yalibadilisha dunia, na njaa ikiingia mjini anajua ametoka kukosea wapi. Ila nimejiwekea utaratibu, na wewe unaweza kuujaribu:

Kwanza, kaa naye japo robo saa akiwa anacheza. Usihubiri. Mwache akufundishe yeye.

Pili, muulize: hapa unashinda kwa kufanya nini? Jibu lake ndilo somo analolipokea, hata kama kwenye boksi wameandika mengine.

Tatu, muulize: ni jambo gani jema ambalo gemu hili halilihesabu? Mwache alitafute mwenyewe. Wangu sasa hivi ananiletea orodha. Jana ameniambia, "Mama, humu hamna kumuuguza mtu."

Nne, tafuta kile kibao cha nyoka na ngazi. Chukueni kalamu, muandike majina kwenye ngazi na kwenye nyoka. Sisi nyoka mrefu kuliko wote tumempa jina la "kununa". Huyo nimemezwa mimi mara mbili, na watoto walifurahi mno.

Tukutane sehemu ya 5, nitaongelea michezo ya kubahatisha iliyojificha kwenye simu. Niandikie hapo chini: kwenu nyoka mrefu mmempa jina gani? Nitasoma nikipata upenyo, maana leo nina naiti tena.

Usiku mwema, na ukimfunika mtoto, mfunike na miguu.