Kabila Alipokuwa Akija: Vita ya Zaire Ilivyofika Msamvu

Ndugu msomaji, kama hujawahi kusimama njia panda ya Msamvu, ngoja nikuchoree kidogo. Ukitoka Dar es Salaam, mji wa Morogoro unabaki kushoto kwako, chini ya milima ya Uluguru. Mbele yako barabara inagawanyika. Moja inakwenda Dodoma, na ukiifuata bila kuchoka utafika Singida, Ngara, mpaka daraja la Rusumo na Rwanda. Nyingine inakwenda Mikumi, Iringa, Mbeya na Tunduma, inaikata Zambia, na ukifika Kasumbalesa umeshaigusa Kongo. Mama yangu alikuwa mama ntilie hapo. Kwa hiyo vita ya Zaire ya 1996 na 1997 sikuisoma kwanza kwenye vitabu. Niliisikia nikiosha sahani.

Madereva walikuwa wakila huku redio inaongea. Wa barabara ya Dodoma walikuja na habari za wakimbizi. Wa barabara ya Iringa walikuja na habari za shaba. Wakati ule niliona kama ni habari mbili tofauti. Kumbe ilikuwa vita moja, imeshikwa ncha mbili.

Mwenyewe Laurent Kabila hakuwa mgeni kwetu. Alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka mingi, na Kiswahili alikisema kama sisi. Mwaka 1965 Che Guevara alipita Tanzania na kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma ili kuwasaidia wapiganaji wa mashariki ya Kongo, Kabila akiwa mmoja wa viongozi wao. Miezi saba baadaye, Che aliondoka amekata tamaa. Kabila akabaki na kijieneo chake huko Fizi, na dunia ikamsahau. Isipokuwa mara moja: Mei 1975 watu wake walivuka ziwa, wakaingia Gombe kwenye kituo cha utafiti wa sokwe, wakateka wanafunzi watatu wa Kimarekani na msaidizi mmoja Mholanzi. Mateka waliachiwa baada ya majadiliano yaliyofanyikia Dar es Salaam. Henry Kissinger alikasirika kweli kweli kwamba ubalozi wake ulijiingiza, na balozi Beverly Carter akakosa kituo alichoahidiwa cha Denmark. Naitaja habari hii kwa sababu inachekesha na inafundisha: kikundi cha msituni ambacho wengi hawakujua hata jina lake kilimharibia balozi wa Marekani kazi.

Sasa tuje 1996. Tangu 1994 zaidi ya wakimbizi milioni moja wa Rwanda walikuwa wamepiga kambi Zaire, na kati yao walikuwemo waliofanya mauaji ya kimbari, wana silaha, wanavuka mpaka usiku kuishambulia Rwanda. Mobutu hakuwazuia. Oktoba 1996 ukatangazwa muungano wa waasi, AFDL, Kabila akiwa msemaji. Uvira ikaanguka, Bukavu ikaanguka, na mwanzoni mwa Novemba Goma nayo. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kupeleka jeshi la kimataifa chini ya Kanada kuwaokoa wakimbizi. Siku hiyo hiyo kambi ya Mugunga ilishavunjwa, na mamia ya maelfu wakaanza kumiminika kurudi Rwanda. Mataifa makubwa yakapumua: si unaona, tatizo limejimaliza! Kabla mwaka haujaisha, mpango wa lile jeshi ukavunjwa.

Sisi huku tulikuwa na letu. Desemba 1996 serikali ya Tanzania ikawaambia wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara, karibu nusu milioni, kwamba mwisho wa kukaa ni tarehe 31. Wengine walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakarudishwa. Wakati huohuo Wakongo walikuwa wakivuka ziwa kuja Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Yaani mlango mmoja unafungwa, mwingine unafunguliwa. Dereva mmoja aliyekuwa akipeleka mahindi Ngara alimwambia mama, "Mama, safari hii nimekuta mahema matupu. Watu wote wamekwenda." Mama akamuuliza kama atalipa deni la wiki iliyopita.

Halafu ndipo kasi ikaanza. Kisangani ilianguka Machi 15, 1997. Mobutu alikuwa ametafuta mamluki, wengi wao Waserbia, wailinde, nao wakakimbia pamoja na askari wasiolipwa mishahara. Mapema Aprili ikaja Mbuji-Mayi na almasi yake, siku chache baadaye Lubumbashi. Hapo kibandani petu palikuwa kama uwanja wa mpira. Kila mji ukianguka watu wanashangilia. Eti mtu wetu huyo! Anaongea Kiswahili, kakaa Dar, anamng'oa kibaraka wa mabeberu!

Mabeberu wenyewe, je? Hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo, maana kila dola ilikuwa na hofu yake. Ufaransa iliona lugha. Waasi walitoka upande wa Uganda na Rwanda ambako viongozi wapya walizungumza Kiingereza, na Paris ilihisi inanyang'anywa nchi kubwa kuliko zote zinazotumia Kifaransa barani Afrika. Ikadai kuingiliwa kati, lakini baada ya yale ya Rwanda mwaka 1994 hakuna aliyeiamini. Marekani ilikuwa imemlea Mobutu tangu vita baridi. Mwaka 1989 alikaribishwa Ikulu ya Washington na Bush mkubwa. Lakini vita baridi ilishakwisha, na mzee alikuwa anaumwa saratani ya tezi dume. Mwishoni mwa Aprili 1997 Bill Richardson, balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, alitumwa Kinshasa kumweleza kwa adabu kwamba wakati umefika. Angola ilikuwa na hasira ya miaka: Mobutu alikuwa mlango wa nyuma wa Savimbi na UNITA. Ikawatuma wapiganaji wa Kikatanga, watoto na wajukuu wa wale askari wa Tshombe waliokimbilia kwake, warudi kwao na bunduki.

Na wafanyabiashara hawakungoja Kinshasa ianguke. Mwezi ule ule wa Aprili, Mobutu akiwa bado rais, kampuni ya American Mineral Fields ilitia saini na waasi mkataba wa karibu dola bilioni 1 kwa ajili ya madini ya Kolwezi na Kipushi. Mwanadiplomasia anasubiri mji mkuu utekwe ndipo atambue serikali. Mwenye kampuni anatambua serikali palipo na mgodi.

Kilichonigusa zaidi kama mtoto wa Morogoro ni Mei 4, 1997. Mandela aliwakutanisha Mobutu na Kabila ndani ya meli ya jeshi la majini la Afrika Kusini, Outeniqua, huko Pointe-Noire. Miaka mitano tu nyuma, watu wa chama chake walikuwa majirani zetu Mazimbu na Dakawa, wakimbizi wenye shule na mashamba katika ardhi waliyopewa na Tanzania. Leo wana meli ya kuwaitia marais! Mazungumzo hayakuzaa kitu. Mei 17 waasi waliingia Kinshasa, na Septemba Mobutu akafia Rabat.

Tulichinja kuku wawili siku ile ya Kinshasa. Hesabu ya mama haikufurahi, lakini tulichinja.

Ninajutia kuku wale. Wakati sisi tunahesabu miji, maelfu ya wakimbizi wa Kihutu, wakiwemo wanawake na watoto, walikuwa wakifukuzwa msituni toka Tingi-Tingi kwenda magharibi, wakiuawa na wapiganaji walewale tuliowashangilia na washirika wao wa Rwanda. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeeleza mahali kwa mahali. Na Julai 1997 Kagame mwenyewe alishasema katika gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza vita ile. Kwa hiyo kusema tu "waasi walisonga na mataifa ya nje yakaathirika" ni kusema nusu. Mataifa mengine yalikuwa ndiyo miguu ya huko kusonga. Agosti 1998 Kabila alipowageuka wenyeji wake wa jana, vita ya pili ikaanza, safari hii Angola, Zimbabwe na Namibia zikiwa upande wake. Aliuawa Januari 2001.

Sisi tuliingia baadaye, kwa damu. M23 walipoiteka Goma Novemba 2012, Tanzania ilipeleka askari katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa, kikiongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, na waasi wakashindwa Novemba 2013. Desemba 7, 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki na waasi wengine, wa ADF. Januari 2025 M23 waliirudia Goma, na wanajeshi wa SADC, wakiwemo wetu, wakajikuta wamezingirwa. Februari marais wakakutana Dar es Salaam, Juni mkataba ukasainiwa Washington, ambako Wamarekani hawakuficha kwamba wanayataka madini.

Barabara ya Iringa haijapumzika. Malori ya shaba ya Kolwezi yanapita Msamvu usiku na mchana kwenda bandarini, na Marekani nayo inaisaidia reli ya Lobito ili shaba ielekee Angola, isipite kwetu.

Mama sasa hapiki tena. Katika kopo lake la chumvi ipo noti ya Zaire yenye sura ya Mobutu, aliyoachiwa Machi 1997 na utingo wa lori la Lubumbashi kama rehani ya sahani kumi na moja za wali. Utingo hakurudi. Goma ilipoanguka mwaka 2025 nilimpigia simu kumweleza. Nikamwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na Kasumbalesa, wanapita?"

Nikamwambia wanapita.